Kioo Juu ya Ufa

Kila siku akitoka shule, Chiriku aliiacha njia kuu ya chuo, akapita nyuma ya Bweni la Chini, akatazama kipande cha kioo kilichobandikwa ukutani, kisha akaenda nyumbani kunywa chai. Baba yake akirudi kazini, kabla hata hajavua viatu, alimuuliza, "Shahidi wetu anasemaje?" Naye alijibu, "Mzima, baba." Walishazoea hivyo, kama watu wanavyozoea kusalimiana.

Jina la Chiriku alipewa na dada yake, kwa sababu tangu alipojua kusema hakujua tena kunyamaza. Ukimtuma dukani, angekusimulia safari nzima mpaka ukasahau ulimtuma nini. Siri ikimfikia asubuhi, mchana ilikuwa imeshazunguka nyumba zote za wafanyakazi. Ndiyo maana hakuna aliyedhani kwamba mtoto yule angeweza kuweka neno moyoni kwa wiki nyingi, tena neno zito.

Baba yake alikuwa mhandisi wa majengo ya chuo kikuu. Chuo chenyewe kilijengwa kwenye ubavu wa kilima. Madarasa na maktaba yalikuwa juu, mabweni yakafuata, na Bweni la Chini lilikuwa la mwisho kabisa, limeupa mgongo mteremko mkali wa udongo mwekundu. Mwaka ule uongozi wa chuo ulimpa kazi ya kuandaa mpango wa kuyakinga majengo na majanga: mafuriko, upepo wa kuezua mapaa, tetemeko la ardhi, na zaidi ya yote maporomoko ya udongo. Mafundi hawakutosha kutengeneza kila kitu kwa pamoja, kwa hiyo ilibidi kuamua lipi lianze na lipi lingoje. Ofisini kwake alitundika ramani kubwa ya chuo. Jengo la hatari alilipaka rangi nyekundu, la wasiwasi njano, na lililo salama kijani.

Kulijua jengo la hatari si kazi ya kutupa jicho mara moja ukaondoka. "Nyufa ni kama makunyanzi," baba alimweleza Chiriku. "Nyingine ni za uzee tu, hazina neno. Nyingine zinatembea. Kwa macho huwezi kuzitofautisha." Kwa hiyo alibandika vipande vyembamba vya kioo juu ya nyufa, ncha moja upande huu wa ufa na ncha nyingine upande ule, akaviita mashahidi. Kioo hakijui kujinyoosha. Ukuta ukisogea hata kwa unene wa unywele, kinapasuka katikati, na hapo mhandisi anajua kwamba ardhi iliyo chini haijatulia.

Mwanzoni baba alikuwa akiwakagua mashahidi wote mwenyewe. Lakini kamati ya chuo ilimbana, majengo yalikuwa mengi, na lile la Bweni la Chini lilikuwa njiani kwa binti yake. Akamwachia hilo moja. Alimpa na sharti moja pia: asicheze mpira pale, hata kwa dakika moja.

Sharti lile lilikuwa gumu kuliko linavyosikika. Chuo kizima kilikuwa mteremko mtupu. Ukipiga mpira popote, unakwenda kuufuata getini. Mahali pekee palipokuwa tambarare palikuwa nyuma ya Bweni la Chini, kwenye sakafu ya zege ambapo wanafunzi walianika nguo. Rafiki yake Chiriku, aliyeitwa Kipa kwa sababu ya kupenda kudaka, alikuwa binti wa matroni wa bweni hilo hilo. Alikuwa akitoka mlango wa nyuma tu, tayari yuko uwanjani. Basi wakawa wanacheza, kidogo kidogo, pale ambapo watu wazima hawapiti.

Alasiri moja Chiriku aliupiga mpira kwa nguvu zake zote. Kipa aliukosa, mpira ukagonga ukuta kwa kishindo. Chiriku alipokwenda kuuokota, aliinua macho. Kile kioo kilikuwa kimepasuka katikati, mstari mmoja mwembamba, umenyooka kama umechorwa kwa rula.

"Mpira haukufika hapo," Kipa alisema. "Uligonga huku chini. Nimeona."

Chiriku hakumsikiliza. Mtu mwenye hatia hahitaji ushahidi. Anajihukumu mwenyewe upesi. Alicheza mpira mahali alipokatazwa, kioo kimevunjika, kwa hiyo yeye ndiye aliyekivunja. Alimwapisha Kipa asiseme kwa mama yake, akakimbia nyumbani, akafungua sanduku la baba lililokuwa stoo, akachukua kioo kingine. Plasta ambayo baba alibandikia vioo ingechukua muda mrefu kukauka. Akachukua gundi kali iliyotumika kubandikia vyombo. Jua lilipokuwa linazama, shahidi mpya alikuwa ukutani, anang'aa kama wa zamani.

Jioni ile baba alipouliza, Chiriku alijibu, "Mzima." Neno lilimtoka kwa urahisi kuliko alivyotegemea. Aliogopa kidogo, kisha akaona hakuna kilichotokea, hofu ikaisha. Uongo wa kwanza mara nyingi huwa hivyo, haukwaruzi koo.

Zilipita siku kadhaa. Hakugusa mpira tena, wala hakupita pale na Kipa. Siku moja akitoka shule akakuta kioo kimepasuka tena, mstari ule ule, mahali pale pale.

Alikwenda moja kwa moja kumlaumu Kipa. Alimwambia kuwa anacheza peke yake kwa kusudi, ili yeye aonekane mbaya. Kipa alikana mpaka machozi yakamtoka, akasema mpira wenyewe ulikuwa umetoboka na umetupwa. Waligombana vibaya, wakanuniana. Chiriku akarudi stoo, akachukua kioo cha tatu. Safari hii gundi ilimganda vidoleni. Hakutaka kufikiri kwa nini kioo kinavunjika mahali ambapo hakuna anayecheza, kwa sababu jibu lolote lingemrudisha kwa baba.

Wiki hiyo hiyo dada yake alikuja nyumbani kula chakula cha jioni. Dada alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, na chumba chake kilikuwa Bweni la Chini, upande wa nyuma. Alikuwa mtu wa mizaha. Alisimulia jinsi mlango wa chumba chake unavyokwama, mpaka ausukume kwa bega. Seremala alikuja kuupiga randa, ukafunguka vizuri, kisha ukakwama tena. Akaja tena, akaupiga randa tena. "Mlango ule unanipenda," alisema akicheka. "Hautaki nitoke."

Wote walicheka isipokuwa baba, ambaye hakuwa amesikia. Alikuwa ameinamia sahani akiwaza kazi yake. Kisha aliinua kichwa, akawapa habari njema: kamati imeupitisha mpango. Mafundi wataanza na maktaba na maabara, ambazo zimepakwa nyekundu, kabla ya mvua kubwa. Bweni la Chini alikuwa akilitilia shaka tangu mwanzo, lakini miezi yote hii shahidi wake hajapasuka, kwa hiyo amelipaka kijani. Litangoja mwakani.

"Na hiyo ni kwa kazi ya Chiriku," alisema, akimgusa bega. "Hajaacha kwenda hata siku moja."

Chakula kilimshinda Chiriku. Alisema tumbo linamuuma. Alikwenda kitandani akajifunika shuka mpaka kichwani, akajiambia kwamba kesho atasema. Kesho ikaja, ikapita, na nyingine ikaja. Kila siku iliyopita ililifanya neno lile kuwa kubwa zaidi, mpaka likawa kubwa kuliko mdomo wake.

Kisha mvua ikaanza. Haikuwa mvua ya radi na kelele, inayonyesha ikaisha. Ilikuwa mvua ya kimya, ya usiku na mchana, inayojua inakokwenda. Mifereji ya chuo ikajaa, nguo zikakataa kukauka, kuta zikanuka unyevu. Nyuma ya Bweni la Chini maji yalianza kuchuruzika kutoka kwenye mteremko, kwanza meupe, baadaye mekundu kama chai ya rangi. Mti mdogo uliokuwa umesimama wima juu ya ukingo ulikuwa umeinama, kama mtu anayechungulia chumbani kwa watu.

Asubuhi moja Chiriku alipita pale akiwa na mwavuli. Kioo cha tatu kilikuwa kimepasuka. Haraka haraka, kwa mazoea ya mkosaji, alibandika cha nne alichokuwa nacho mkobani, akaenda shule. Hakusikia chochote walichofundishwa. Kengele ya mwisho ilipolia alikimbia kurudi, hakujua kwa nini anakimbia.

Kioo kilikuwa kizima. Alisimama mbele yake akihema, mvua ikipiga mwavuli, akatabasamu peke yake kwa faraja. Hakuna aliyekuwepo pale. Hapakuwa na mpira, hapakuwa na Kipa. Ndipo, akiwa anakitazama, kioo kikalia ti, sauti ndogo kama ya njiti inayovunjika, na mstari ukapita katikati yake kutoka juu hadi chini.

Chiriku hakusogea. Alielewa yote mara moja. Hakuwa yeye aliyekivunja kile cha kwanza. Hakuwa Kipa aliyekivunja cha pili. Ukuta ulikuwa unatembea tangu siku ile, na kila mara uliposema, yeye aliuziba mdomo. Upande wa pili wa ukuta ule kilikuwa chumba cha dada yake.

Alitupa mwavuli akakimbia kupanda kilima. Alimkuta baba ofisini na wajumbe wawili wa kamati, wamesimama mbele ya ramani. Maji yalimchuruzika mpaka sakafuni.

"Baba, shahidi amepasuka."

Baba aligeuka. "Leo?"

"Leo. Nimemwona akipasuka. Lakini na asubuhi pia. Na kabla ya hapo. Tangu kabla mpango haujapita. Mimi nilikuwa nabandika vingine. Nilidhani nimekivunja kwa mpira, nikaogopa."

Chiriku alikuwa amejiandaa kwa makofi, amejiandaa kwa kelele. Hakuwa amejiandaa kwa uso ule wa baba yake, uliogeuka taratibu kuitazama ramani, pale palipopakwa kijani. Baba hakumwuliza kitu kingine. Alichukua koti lake, akawaambia wajumbe wapige simu kwa walinzi wote waje Bweni la Chini, akatoka mbio, Chiriku nyuma yake.

Matroni aliwapokea mlangoni kwa mshangao. Alisema wanafunzi wako kwenye kipindi cha mitihani, vitabu vyao vitaloa, na mvua yote ile awapeleke wapi watoto wa watu. Baba alimwambia awapeleke bwaloni, sasa hivi, bila kurudia vitu. "Wakilalamika, acha walalamike," alisema. "Mtu anayelalamika yuko hai."

Nao walilalamika kweli. Walitoka wakiwa na magodoro kichwani, ingawa walikatazwa, wengine na sufuria, mmoja na redio, wakitaniana kwamba mhandisi ameota ndoto mbaya. Chiriku alisimama kwenye kibaraza cha bwalo akitazama kila uso uliopita. Mstari ukapungua, ukaisha. Mlango wa bwalo ukafungwa. Dada yake hakuwemo.

Msichana aliyelala naye chumba kimoja alishtuka alipoulizwa. Alisema dada alirudi kutoka kwenye mtihani amechoka, akaziba masikio kwa pamba ili alale. Yeye alidhani ameshatolewa na wengine. Matroni aliapa kwamba aligonga kila mlango.

"Mlango wake unakwama," Chiriku alisema, na mara hii hakungoja kuulizwa. "Baba, mlango wake haufunguki!"

Baba aliondoka na vijana wawili na mtaimbo. Chiriku alitaka kuwafuata, lakini matroni alimshika mkono kwa nguvu. Akabaki pale, akisikia. Alisikia mtaimbo ukigonga mbao. Alisikia sauti ya dada yake kutoka ndani, mwanzoni ya usingizi na ya kuuliza, halafu si ya usingizi tena. Fremu ya mlango ilikuwa imepinda, imeubana mlango kama meno. Dirisha lilikuwa na nondo. Juu, kwenye ukingo, ule mti mdogo uliinama zaidi, ukatulia, ukainama tena. Chiriku hakuwa akilia wala kuomba. Alikuwa akirudia moyoni neno moja, mzima, mzima, mzima, lile lile alilolisema kila jioni, na lilimchukiza.

Mbao ilipasuka. Baba alitokea wa kwanza akimvuta dada kwa mkono, dada akiwa pekupeku na blanketi mabegani, vijana nyuma yao. Walikimbia bila kugeuka. Walikuwa wamevuka njia na kufika ngazi za bwalo wakati mteremko ulipoachia.

Sauti yake ilikuwa kama ya lori linalomwaga kokoto, ila haikuisha. Udongo ulishuka na mawe na ule mti, ukaipita sakafu ya zege, ukaingia Bweni la Chini kwa nyuma. Ukuta wa ufa ulisimama kwa muda mfupi, kisha ukalala ndani. Waliokuwa wakitaniana waliacha. Bwaloni redio ya yule mwanafunzi iliendelea kuimba peke yake mpaka mtu akaizima.

Hakuna aliyeumia. Matroni aliwahesabu tena na tena, na kila mara walitimia.

Dada alikaa kwenye benchi, blanketi bado liko mabegani. Chiriku alikwenda akasimama mbele yake, akamwambia kila kitu, pale pale, mbele ya wenzake. Hakuacha kitu. Alimtaja Kipa pia, kwamba alimsingizia. Dada alimsikiliza hadi mwisho. Yule mtu wa mizaha hakuwa na mzaha hata mmoja. Alisema tu, "Nilikuwa nimelala pale," kisha akageuza uso.

Siku iliyofuata baba alikwenda mbele ya kamati. Hakumficha Chiriku nyuma yake, wala hakumtwisha lawama yote. Alisema mpango wake ulikosea kwa sababu ulijengwa juu ya taarifa ya uongo, na kwamba taarifa ile ilitoka nyumbani kwake. Alisema pia kosa lake mwenyewe: kazi ya mtu mzima alimpa mtoto, na kwa kuwa jibu lilikuwa lile aliloliombea, hakwenda kulihakikisha kwa macho yake. Alikipangusa kijani kwenye ramani. Aliomba majengo yote ya mteremko yakaguliwe upya, na kila ukuta ukaguliwe na watu wawili. Kamati ilikubali, na wanafunzi wa bweni lililokuwa juu ya lile lililoanguka wakahamishwa siku hiyo hiyo, kwa sababu na lenyewe lilikutwa na ufa unaotembea.

Chiriku alikwenda kwa Kipa. Aliomba radhi kwa maneno machache, jambo ambalo kwake lilikuwa gumu. Kipa alimwambia alimsamehe, lakini hatasahau upesi.

Mvua ilipokatika, baba alimchukua Chiriku mpaka kwenye kamba iliyozungushiwa mabaki ya bweni. Walisimama hapo. Kupitia ukuta ulioanguka walikiona chumba cha dada. Udongo ulikijaza mpaka karibu na dari, na katikati ya udongo ilichomoza ncha ya kitanda cha chuma, imekunjwa.

"Wahenga walisema mficha maradhi, kifo kitamuumbua," baba alisema. "Kukosea si ajabu, mwanangu, kila mtu hukosea. Lakini ukificha kosa, unawafumba macho watu wote wanaokuamini. Mimi nilikuwa nikitembea nimefumba macho, na kamati nzima nyuma yangu, na dada yako amelala. Ukiona jambo baya, liseme siku ile ile, hata kama unadhani ni wewe uliyelifanya. Hasa kama unadhani ni wewe."

Chiriku alitikisa kichwa kukubali. Kulikuwa na swali moja lililomsumbua tangu siku ile, naye aliogopa jibu lake kuliko alivyowahi kuogopa fimbo.

"Baba, kama ningekuambia siku ya kwanza, ungenifanya nini?"

Baba alifikiri, akikitazama kile kitanda.

"Ningekufokea," alisema. "Ungelia. Na mpaka wakati wa chakula cha jioni tungekuwa tumeshasahau."